Jino Ambalo Dani Perpetua Hakuling'oa

Katika miaka yangu yote ya kung'oa meno, swali nililoulizwa mara nyingi zaidi halikuwa kama litauma. Lilikuwa, "Daktari yuko wapi?" Mtu anaingia, shavu limefura, mkono umeshika taya. Ananiona mimi, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, kisha anachungulia nyuma ya mlango kana kwamba kuna mwanamume amejificha huko. Namwambia akae. Anasema anangoja daktari. Namwambia, "Daktari ameshafika, aliyebaki kukaa ni wewe."

Kwa kweli sikuwa daktari kamili wa meno. Nilikuwa afisa wa afya ya kinywa. Nilisomea kung'oa, kuziba, kusafisha na kufundisha, na yaliyonizidi niliyapeleka hospitali kubwa Migori. Lakini wagonjwa hawana haja na vyeo. Anayekuondolea maumivu ni daktari, basi. Nyinyi mnaotoka chuoni sasa hivi mtaitwa hivyo kuanzia siku ya kwanza, na mtashangaa jinsi jina linavyoweza kuwa zito.

Nilianzia Awendo, chini ya Bwana Okumu, mtu mrefu aliyeongea polepole na kuvaa tai hata siku za joto kali. Mikono yangu midogo haikumtia wasiwasi hata kidogo. "Jino halivutwi," aliniambia. "Anayevuta atavunja. Lisukume ndani kwanza, kama unataka kulirudisha lilikotoka. Halafu litikise nje, ndani, nje, ndani, taratibu. Tundu lenyewe litapanuka, na jino litakuja kama mgeni anayeaga." Nilijaribu, nikaona ni kweli. Nimeng'oa magego ya wanaume wanaobeba magunia ya sukari mgongoni, na sikuwahi kuweka goti kifuani mwa mtu kama wanavyosimulia huko vijiweni.

Awendo ilinifundisha pia kwamba mtu mwenye maumivu ya jino atajaribu kila kitu kabla ya kuja kwetu. Wameweka tumbaku, mafuta ya taa, dawa ya mbu. Dereva mmoja wa trela la miwa aliweka maji ya betri. Alipofungua kinywa, fizi zilikuwa zimeungua hadi shavuni, nyeupe kama ugali. Nikamuuliza, "Maumivu ya jino yaliisha?" Akafikiri kidogo. "Hayajaisha, daktari. Lakini sasa siyasikii vizuri kwa sababu ya haya mengine." Tulicheka, hata yeye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha tukamtibu kidonda wiki nzima kabla ya kuligusa jino lenyewe. Msimcheke mtu wa aina hiyo kabla yeye hajacheka. Amekuja kwenu baada ya kushindwa kwingi, na aibu tayari anayo.

Nimeandika haya kwa sababu kijana mmoja aliniuliza juzi kama kazi yetu si ndogo ukiilinganisha na ya wale wanaopasua moyo au kuzalisha. Kinywa tu, alisema. Sikumjibu papo hapo. Nilitaka nimsimulie habari za Dani Perpetua, na habari zake hazitoshi katika jibu la kusimama njiani.

Nilihamishiwa upande wa Ogwedhi, karibu na mpaka wa Narok, katika kituo cha afya kilichokuwa hakijawahi kupata mtu wa meno. Nyinyi leo mna kiti kinachopanda na kushuka na mashine ya kuchemshia vyombo inayolia ikimaliza. Mimi nilikuwa na kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani ili kichwa cha mgonjwa kipate pa kutulia, tochi ya kufunga kichwani, na sufuria ya presha juu ya jiko la makaa. Niliweka koleo zangu humo kila asubuhi, na wagonjwa wakaniambia kituo kinanukia kama kuna kitoweo.

Siku ya soko la ng'ombe ndiyo iliyokuwa siku yangu kubwa. Wajaluo, Wakuria na Wamaasai walikuja na mifugo, wakaongea Kiswahili kila mmoja kwa namna yake, na wakishauza wakakumbuka meno yao. Ndivyo nilivyogundua kwamba sikuwa peke yangu katika kazi hiyo. Nyuma ya vibanda vya nguo za mitumba alikaa mwanamke mzee, Perpetua, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya. Yeye hakung'oa meno ya watu wazima. Alitoa yale wanayoyaita meno ya plastiki.

Kama hamjakutana na jambo hili, mtakutana nalo. Mtoto wa miezi mitano au sita anaanza kuhara na kupata joto. Mama anapitisha kidole kwenye fizi, anakuta uvimbe mweupe mahali ambapo jino la chonge litaota. Anaambiwa hilo ni jino bandia, au funza, na ndilo linalomuua mtoto. Lazima litolewe. Mtoaji anachukua kitu chenye ncha, anachokonoa fizi, anatoa kitu cheupe, laini, chenye umbo la funza kweli. Mama anakiona kwa macho yake. Utamwambia nini mtu aliyekiona kwa macho yake? Kitu hicho ni jino la mtoto, changa, lililokuwa halijakomaa kutoka.

Dani alitumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Alikuwa msafi kwa kadiri alivyojua: aliipitisha spoku kwenye moto, akanawa mikono, akasali. Alikuwa mwimbaji kanisani, na mashavu yake yaliingia ndani kidogo kwa sababu alikuwa mmoja wa wale wazee wa Kijaluo waliotolewa meno sita ya chini utotoni, kama desturi ilivyotaka zamani zile. Kwa hiyo kwake kuondoa jino lisilotakiwa halikuwa jambo geni.

Nilipomwona mara ya kwanza nilimpigia simu Bwana Okumu, nikasema nataka nimwendee chifu. Akasema, "Ukimfukuza sokoni atafanyia nyumbani kwake. Huko utamwona?"

"Kwa hiyo nimwache?"

"Nani amesema umwache? Kaa naye. Jua anafikiri nini. Halafu uongee."

Nikaenda kukaa naye. Kila siku ya soko, nikimaliza wagonjwa, nilinunua chai na mandazi, nikaketi kwenye benchi lake. Alijua mimi ni nani. Aliniita nyar Sindo, binti wa Sindo, akaniuliza bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, huko kwetu Sindo. Nilimweleza kuhusu meno ya watoto, akasikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Wewe umesoma vitabu, nyathina, mwanangu. Mimi nimeona watoto wakipona." Kwa muda mrefu hatukuvuka hapo.

Kisha akaja Robi.

Robi alikuwa msichana wa Kikuria aliyeolewa na mfanyabiashara wa mbuzi pale Ogwedhi. Mtoto wake wa kwanza, Chacha, alikuwa mnene, na alipenda kushika miwani ya watu. Mimi mwenyewe alishaivuta yangu. Robi aliingia kituoni asubuhi moja akiwa amemfunga mgongoni, mama mkwe akimfuata nyuma. Alipomfungua nilimwona Chacha macho yameingia ndani na utosi umebonyea.

"Hanyonyi," Robi alisema. "Tangu jana hanyonyi. Akishika titi anaachia, analia."

Nesi alimchukua haraka, akaanza kutafuta mshipa wa kutundika maji. Mimi niliwasha tochi yangu. Fizi za chini zilikuwa na vidonda viwili, kila upande kimoja, vimevimba na kutoa usaha.

"Alikuwa anahara kabla ya hii?" nikauliza.

"Siku mbili tu," mama mkwe alijibu. "Tukampeleka kwa Dani. Alitolewa vizuri. Funza wawili walitoka, tuliwaona."

"Na kabla hajatolewa alikuwa ananyonya?"

Robi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Alikuwa ananyonya sana."

Vijana, hapo ndipo penye jibu la yule aliyesema kinywa tu. Mtoto anayehara anapoteza maji. Dawa yake ya kwanza ni kunyonya, anywe mara nyingi kuliko kawaida, na kupewa ule mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari unaotolewa kliniki bure. Yote hayo yanaingilia mlango mmoja. Ukimjeruhi kinywa, umefunga mlango huo siku ile anayouhitaji kuliko siku nyingine zote. Chacha hakuwa na ugonjwa mkubwa. Alikuwa na kuhara kunakoshika watoto wengi wanapoanza kuonja uji na kuweka kila kitu mdomoni. Angekunywa, angepona.

Tuliita gari la wagonjwa. Chacha alifariki kabla halijafika. Robi hakupiga kelele. Alimfunika kwa ile leso ya kumbebea, akaifunga vizuri kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani, na akarudi nyumbani.

Nilikwenda mazishini. Dani alikuwepo pia, ameketi na wanawake wa kanisa, mikono ameificha chini ya leso. Baba mkwe wa Robi alipowashukuru waliosaidia, alimtaja: tunamshukuru Dani Perpetua, naye alijitahidi. Watu wakaitikia. Nilimtazama. Hakuinua kichwa.

Haikupita muda mrefu akaja kituoni kwangu, siku isiyo ya soko, akaketi kwenye kile kiti changu cha plastiki kama mgonjwa.

"Wangenitukana ningeelewa," alisema kwa Dholuo, lugha yetu. "Wamenishukuru, nyar Sindo. Mtoto amekufa, wananishukuru. Sasa niambie, niliua?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo kwa miezi, na nilikuwa na maneno mengi makali. Nilipoulizwa, niliyasahau yote. Nikamwambia, "Hukutaka kuua. Lakini alishindwa kunyonya kwa sababu ya vile vidonda."

Akatikisa kichwa. "Wengine walipona. Wengi sana."

"Twende ukawaone hao wengi," nikasema.

Nilikuwa na zamu ya kukagua meno katika shule ya msingi iliyo karibu. Nikamchukua Dani. Walimu waliweka benchi nje ya darasa la kwanza, watoto wakapanga mstari, mimi na tochi, Dani pembeni yangu. Nilimwomba tu atazame pamoja nami.

Mtoto wa kwanza alikuwa na pengo kila upande wa chini, mahali pa chonge. Wa pili alikuwa na meno yote. Wa tatu, mapengo. Wa nne, mapengo. Dani aliinama karibu zaidi, akamshika mtoto kidevu kwa upole.

"Huyu ni wa Gati," alisema. "Nilimtoa akiwa hajajua kukaa."

Tukaendelea. Aliwajua mmoja baada ya mwingine. Hakuangalia nyuso. Aliangalia mapengo, kisha ndipo akainua macho kuona uso na kutaja mama. Tulipofika kwa wakubwa, akaja mvulana wa darasa la tano ambaye chonge lake la ukubwani lilikuwa limetoka kwa ubavu, la kahawia, lenye mashimo kama jiwe la mtoni.

"Hili nalo limefanywa na nini?" Dani akauliza. "Hili si la utoto."

"Jino la ukubwani hukaa ndani ya fizi, chini ya lile la utoto, linajengwa polepole," nikamwambia. "Spoku ikiingia kutoa la kwanza, inaligusa na la pili."

Ndipo msichana mmoja, mchangamfu, mwenye mapengo yake mawili, akamrukia mkono. "Dani! Mama aliniambia wewe ndiye uliniponya nikiwa mdogo!"

Dani alimpapasa kichwa, akamwambia arudi darasani. Akangoja mpaka benchi likabaki tupu. Kisha akanigeukia, na alikuwa na hasira kidogo.

"Unaona? Huyu alipona."

"Alipona kuhara, Dani. Kuhara huisha mtoto akiendelea kunywa. Huyu alivumilia kidonda, akanyonya hivyo hivyo. Ambao hawakuvumilia hawamo kwenye mstari huu."

Alikaa akitazama uwanja. Kengele ikapigwa, watoto wakamwagika nje, wakapiga kelele pande zote zetu, naye akawaangalia kama anayetafuta waliokosekana. Siku ya soko iliyofuata benchi lake lilikuwa tupu, na iliyofuata pia. Wanawake waliuliza. Nilisikia wengine wakisema nimemroga.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mtu mwingine, upande wa pili wa soko, alianza kazi ile ile, na wateja wakahamia kwake. Mimi niliendelea na mazungumzo yangu kwa kina mama kila siku ya chanjo. Niliwaambia wapanguse fizi za mtoto kwa kitambaa safi chenye maji hata kabla meno hayajatoka. Wasimlaze na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Meno yakianza, mswaki mdogo na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Usiku kabla ya kulala ndio wakati usiokosekana. Na kuhara kunatibiwa tumboni, si kwenye fizi. Walisikiliza, waliitikia kwa kichwa, na baadhi yao walitoka hapo moja kwa moja kwenda kwa yule mtu mpya. Msiwakasirikie. Maneno ya mtu mwenye koti jeupe husikika vizuri, lakini mtoto akichemka usiku mama husikiliza aliye karibu.

Robi alipata mtoto mwingine, msichana, wakamwita Boke. Nilimwona kliniki kila mwezi, Robi akimleta kabla hata ya siku yake. Alikuwa ananiomba nimkague fizi, na mimi namkagua, nasema ziko sawa, naye anapumua.

Boke alipofikia umri ule ule, akaanza kuhara. Yaliyotokea nyumbani nimeyasikia kwa Robi na kwa Dani mwenyewe, na wote wawili walisimulia sawa. Mama mkwe alipitisha kidole, akakuta uvimbe. Hakumtaka yule mtu mpya, hakumwamini. Alituma aitwe Dani, akamwambia amefanya kazi hiyo miaka yote, asiwaangushe sasa.

Dani alikuja. Alinawa mikono. Robi anasema yeye alimkumbatia mtoto kwa nguvu, akataka kukimbia naye. Dani akaketi mbele yake, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Nipe nimwangalie tu. Sina kitu mkononi." Akaonyesha viganja.

Akapitisha kidole kwenye fizi. "Hili ni jino," akasema. "Jino tu. Liache. Mtoto yuko na kiu. Mnyonyeshe."

Mama mkwe akasimama. "Watoto wa watu wote umewatoa. Wa kwangu ndio unakataa? Unataka huyu pia afe?"

"Wa kwanza alikufa kwa mikono yangu," Dani akamjibu. "Nyinyi mkanishukuru. Sitaki tena shukrani ya namna ile."

Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kwa sauti. Mama mkwe aliketi chini, akajifunika uso kwa kitambaa, na hapo Dani akamwambia Robi achukue leso, wanakwenda kituoni. Walipanda bodaboda moja wote watatu, Boke akiwa katikati, ananyonya njia nzima barabara ikiwarusha.

Nilikuwa nikimziba mwalimu jino walipoingia. Dani alipita foleni yote bila kumwomba mtu radhi, akasimama mlangoni.

"Nyar Sindo! Tazama mwenyewe. Sijamgusa. Kinywa kizima."

Boke alilazwa siku chache. Alikunywa ule mchanganyiko kwa kijiko, kidogo kidogo, Robi na Dani wakipokezana, na katikati ya vijiko ananyonya. Alitoka akiwa amekonda lakini analia kwa hasira, na mtoto anayelia kwa hasira ni mzima. Mama mkwe ndiye aliyekuja kuwachukua, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Alimpa Dani kikombe cha kwanza.

Baada ya hapo Dani alianza kuja siku za chanjo bila kuitwa. Kina mama wengi walimjua kuliko walivyonijua mimi. Nikimaliza kuongea, waliacha kunitazama, wakamgeukia yeye kuuliza kama ni kweli. Alikuwa anawaambia alichofanya na alichokiona, pamoja na habari ya Chacha, bila kujificha, Robi akiwa ameketi hapo hapo. Wengine walimwacha wakaenda kwa yule mwingine. Wengi hawakwenda. Sitawadanganya kwamba desturi hiyo imekwisha. Mtaikuta, ndiyo maana nawaambia.

Tukio la mwisho nililotaka kuwasimulia lilitokea siku moja ya chanjo, Boke akiwa anatembea tayari, anaanguka na kuinuka kati ya miguu ya wanawake. Nilikuwa nikieleza kwamba chonge huchelewa, huja baada ya meno ya mbele na hata baada ya magego ya kwanza, kwa hiyo mama asiwe na haraka. Dani alimpakata Boke, akaingiza kidole mdomoni mwake kupapasa fizi kama alivyozoea. Ghafla akaruka kwenye benchi.

"Uwi! Ameniuma!"

Akachomoa kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Palikuwa na alama ndogo, ya ncha moja kali. Wanawake walikuwa wanacheka tayari, lakini yeye alikiinua kidole juu, akazunguka nacho benchi kwa benchi, kila mama akione, huku machozi yakimtiririka hadi kwenye kidevu.

"Limetoka," alikuwa anasema. "Angalieni. Limetoka lenyewe."